Moshi wa asubuhi kwenye pikipiki ya zamani: namna ya kuusoma kabla hujafungua injini

Kila baridi inapoingia swali hili linarudi: "Pikipiki yangu nikiiwasha asubuhi inatoa moshi mwingi, ikishapata moto moshi unaisha. Ni ringi?" Jibu linalotolewa haraka huwa ni lile lile: shusha injini, weka ringi mpya (pete za chuma zinazozunguka pistoni). Mwenye pikipiki anatafuta hela kwa shida, ananunua seti nzima ya pistoni, na baada ya muda mfupi moshi umerudi pale pale, kwa sababu tangu mwanzo haukuwa unatokea kwenye ringi.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye pikipiki ya kabureta iliyokwisha kutembea sana: Boxer, TVS, Honda CG125, au zile za Kichina zilizojengwa kwa kufuata injini ya CG. Zote hizi zinapozwa kwa upepo na zina silinda moja. Wenye pikipiki za kuchanganya oili na petroli, kama Yamaha AG100, wana sehemu yao huko mbele, kwa kuwa kwao moshi una sheria nyingine.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: moshi husomwa kwa vitu vitatu, yaani rangi, harufu na muda unaodumu. Ukiwa navyo vitatu, mara nyingi utajua tatizo lilipo kabla spana haijagusa injini.

Vitu vya kuwa navyo

- Usiku mzima wa kuilaza pikipiki bila kuiwasha. Jaribio hili halifanyiki kwa injini iliyozimwa saa moja iliyopita.
- Sehemu tambarare, nje, yenye hewa.
- Karatasi nyeupe au tishu, na tambara safi.
- Spana ya plagi, bisibisi, na plagi mpya ya namba inayotakiwa na pikipiki yako. Usibahatishe namba, isome kwenye kitabu, au kwenye plagi iliyomo kama una hakika ndiyo sahihi.
- Oili ya pikipiki. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 zinachukua takriban lita moja. Kwa huku kwetu inayotumika zaidi ni 20W-50. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki hizi inafanya kazi ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.
- Bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe.
- Simu ya kurekodi video. Fundi akiiona pikipiki saa nne asubuhi ikiwa imeshapata moto hataona kitu, na wewe utabaki unaeleza kwa maneno.
- Geji ya kompresheni, ukipata wa kukuazima. Si lazima.

Onyo kabla ya hatua ya kwanza

Najua wengi wenu mnalaza pikipiki sebuleni au kwenye korido kwa kuogopa wezi. Usiiwashe humo ndani hata kwa nusu dakika. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Watoto bado wamelala chumba cha pili na wewe unapasha injini kwenye korido: hilo lisitokee. Isukume mpaka nje, ndipo uiwashe. Kama kuna harufu ya petroli ndani, usiwashe kiberiti wala jiko mpaka milango imekaa wazi vya kutosha.

Hatua kwa hatua

1. Anza jioni.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, sehemu tambarare. Ikilala kwa stendi ya pembeni, injini inainama na oili inakusanyika upande mmoja. Pikipiki nyingine iliyochoka hutoa moshi asubuhi kwa sababu hiyo tu. Kisha funga koki ya mafuta. Utaona sababu yake hatua ya pili.

2. Asubuhi, kagua oili kabla ya kuwasha.

Toa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe kama kitabu kinavyosema (pikipiki nyingi kijiti kinawekwa tu bila kufungwa kwa kuzungusha), kitoe tena usome. Yenye kioo cha kuangalizia oili, iangalie ikiwa imesimama wima. Hapa kuna mambo matatu ya kutazama, na hatua hii usiiruke, maana moshi mwingi ninaouona unaishia hapa.

Kwanza kiwango. Oili ikizidi mstari wa juu, inarushwa na kupanda kupitia mpira wa kupumulia injini, inaingia kwenye boksi la eya klina, kisha inavutwa na kabureta na kuungua. Watu wanazidisha kwa sababu wanapima pikipiki ikiwa imeinama kwenye stendi ya pembeni, wanaona kiwango cha uongo, wanaongeza. Wengine wanamimina kopo zima bila kusoma kama injini yao inachukua kopo zima.

Pili harufu. Nusa kijiti. Oili ikinuka petroli, na kiwango kikawa kimepanda bila mtu kuongeza, basi petroli inavuja usiku. Njia yake ni hii: pini ya boya ndani ya kabureta (inayofunga petroli bakuli likijaa) imekwisha au imekaliwa na uchafu, haizibi, na koki imeachwa wazi. Petroli inafurika, inaingia kwenye silinda, inapita pembeni ya pistoni na kushukia kwenye oili. Asubuhi unapata moshi mzito wenye harufu kali, na lililo baya zaidi ni kwamba oili imekuwa nyepesi, haishiki vyuma. Ukiendesha hivyo kwa wiki kadhaa utaua kranki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni). Mwaga oili hiyo yote, weka mpya, safisha au badilisha pini ya boya, na tangu siku hiyo funga koki kila unapolaza pikipiki.

Tatu rangi. Oili ya rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Inatokea sana baada ya kuvuka mito wakati wa masika, au kwa wanaoosha injini kwa mashine ya presha. Imwage. Utando mdogo mweupe kwenye kifuniko tu, huku oili yenyewe ikiwa safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi fupi za baridi. Safari ndefu ya kuipasha injini vizuri huumaliza.

3. Iwashe kama inavyotakiwa.

Fungua koki. Vuta choki. Usishike mkono wa mafuta. Piga kiki au bonyeza stata. Ikiwaka, iache ikae sailensa (iungurume polepole yenyewe), na usipige resi hata kidogo. Injini iliyolala usiku kucha haina oili ya kutosha huko juu kwenye valvu (milango ya kuingiza mafuta na kutoa moshi); kuipigia resi sekunde za kwanza ndiko kunakoila, na moshi utakaouona utakudanganya. Simu irekodi tangu kabla ya kuwaka, ikielekezwa mdomo wa eksozi, ikiwezekana nyuma yake kuwe na kitu cheusi kama ukuta au mti, maana kwenye mwanga wa alfajiri moshi wa bluu na mvuke mweupe vinafanana.

Ikishashika sailensa, baada ya nusu dakika hivi anza kurudisha choki taratibu. Tazama saa.

4. Soma moshi.

*Mweupe mwepesi, hauna harufu, unapotea hatua mbili kutoka eksozi, umeisha ndani ya dakika chache.* Huu ni mvuke wa maji. Petroli ikiungua inatengeneza maji. Lita moja ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita moja. Injini ikiwa na moto hayo maji yanatoka bila kuonekana, lakini eksozi ikiwa baridi yanakuwa matone madogo na kuonekana. Kwa aliyeko Njombe, Makete, Lushoto au Limuru mwezi wa saba, hili ni jambo la kila siku. Usitengeneze chochote. Na fundi akikwambia gasketi ya hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) imekatika na maji yanaingia ndani ya silinda, muulize maji gani: injini inayopozwa kwa upepo haina maji ya kupoza. Huo ni ugonjwa wa magari.

*Mweusi, unawasha macho, unanuka petroli.* Mafuta yanazidi hewa. Nenda hatua ya saba.

*Wa bluu au kijivu chenye ubluu, haupotei haraka, unaelea, unanuka oili iliyoungua.* Oili inaingia mahali petroli inapoungulia. Huu ndio moshi wa kufuatiliwa kwa makini, na hapa muda ndio unaosema mengi kuliko rangi.

Ukishindwa kutofautisha, shika karatasi nyeupe umbali wa shubiri moja kutoka mdomo wa eksozi kwa sekunde kumi na tano hivi, bila kuziba na bila kugusa chuma. Ikilowa maji tu ni mvuke. Ikipata vumbi jeusi kavu linalofutika, mafuta yamezidi. Ikipata madoa yenye mafuta, yanayoenea kwenye karatasi na hayakauki ukiianika juani, hiyo ni oili.

5. Pima muda wa moshi wa bluu.

Ukitoka kwa wingi injini inapowaka, ukapungua, ukaisha kabisa baada ya dakika moja, mbili au tatu, kisha siku nzima hauonekani, shuku sili za valvu. Sili ni vifuniko vidogo vya mpira vinavyoshika shina la valvu ili oili ya kwenye hedi isiteremke. Vikipigwa na joto miaka mingi vinakakamaa. Pikipiki ikilala, oili inateremka taratibu kufuata shina, inasubiri ndani. Ukiwasha inaungua, inakwisha, na moshi unakwisha nayo.

Ringi zilizokwisha zina tabia tofauti. Zenyewe zinapitisha oili wakati pistoni inafanya kazi, kwa hiyo moshi haukomi na joto. Unaweza kupungua kidogo, lakini ukibeba abiria wawili na kupanda mlima unarudi, tena kwa nguvu, na pikipiki yenyewe inakuwa imelegea.

6. Thibitisha barabarani.

Injini ikiwa na moto, tafuta mteremko mrefu wa wastani usio na magari mengi. Usiende kufanya jaribio hili kwenye miteremko mikali kama Kitonga au Sekenke katikati ya malori. Teremka ukiwa ndani ya gia, mafuta umeyafunga kabisa, injini ikizuia mwendo. Chini ya mteremko vuta mafuta kwa mkupuo mmoja, na mtu aliye nyuma yako atazame, au wewe uone kwenye kioo. Wingu la bluu likitoka mara hiyo tu na kukoma, ni valvu: sili, au bushi ambamo shina la valvu linapita, au vyote viwili. Ikitoa moshi wakati wa kupanda na mzigo, ni ringi au silinda.

7. Toa plagi, kisha maliza mambo ya bei ndogo.

Plagi ya kahawia isiyokolea ni nzuri. Nyeusi kavu yenye masizi inasema mafuta yamezidi. Nyeusi inayong'aa na kulowa oili inasema oili inaingia. Kama ilikuwa imelowa, weka mpya. Iliyolowa oili huwaka kwa shida na inaongeza moshi.

Kwa moshi mweusi fuata mpangilio huu, na ukipata kosa simama hapo: hakikisha choki inarudi mpaka mwisho (waya wa choki ukishika kutu unabaki umevuta nusu), fungua eya klina uitazame, na kama ni ya karatasi na imejaa vumbi inunuliwe mpya, kama ni ya sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa, safisha bakuli la kabureta na pini ya boya, kagua kama jeti (kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli) imelegea au imetanuliwa kwa waya. Kuzibua jeti kwa waya kunaharibu tundu lake, na hapo hata kabureta iwe safi vipi, moshi mweusi utabaki. Tumia pumzi ya pampu.

Kwa moshi wa bluu, kabla ya kumwita fundi, weka oili mpya ya kiwango sahihi na ukague ndani ya boksi la eya klina. Ukikuta oili imetapakaa humo, imetoka kwenye mpira wa kupumulia. Safisha, punguza oili ifike kiwango chake, endesha siku chache, halafu rudia jaribio la asubuhi. Oili nyepesi iliyochoka inapita kwa urahisi zaidi penye sili iliyokakamaa, kwa hiyo wengine moshi wao unapungua sana hapa hapa.

8. Pima silinda.

Kama una geji: injini ikiwa na moto, toa plagi, funga geji, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Andika namba. Sasa mimina mililita 5 za oili safi kwenye tundu la plagi kwa bomba la sindano, piga kiki mara chache oili isambae, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imekwisha, kwa sababu oili imeziba kwa muda pale palipokuwa panavuja. Namba ikikaa karibu pale pale nayo ni ndogo, upepo unapotelea kwenye valvu. Namba nzuri mara zote mbili, pamoja na moshi wa dakika za kwanza tu, inazidi kuelekeza kwenye sili.

Bila geji, tazama mpira wa kupumulia. Uchomoe kwenye boksi la eya klina injini ikiwa inawaka na ina moto. Pumzi nyepesi ya kwenda na kurudi ni kawaida. Ukitoa moshi mfululizo kwa nguvu, mlipuko unapita pembeni ya pistoni.

Plagi ikiwa nje na unapiga kiki, waya wake uzibwe au ushikizwe kwenye bodi ya injini, mbali na tundu. Cheche ikikutana na mvuke wa petroli unaotoka hapo, utaungua.

9. Amua, ukiwa umesimama na fundi.

Kama dalili zote zinasema sili, hedi inashushwa, bloku (sehemu yenye silinda) inabaki. Mwambie fundi aishike bloku isinyanyuke wakati hedi inatoka. Ikinyanyuka, gasketi ya chini inapasuka, na utaondoka na uvujaji mpya wa oili uliokuwa hauna. Sili zibadilishwe zote zilizopo. Kabla hazijawekwa, shina la valvu litikiswe ndani ya bushi yake: likicheza kwa kuonekana, sili mpya hazitadumu, bushi nayo ibadilishwe. Valvu zisagwe kwa pesti, zifungwe, kisha petroli imiminwe kwenye njia zake kuona kama inapenyeza. Haya yote ni kazi ya siku moja, na sili zenyewe ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye injini. Kwa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni, tofauti kati ya siku moja na wiki ya kusubiri bloku ichongwe ni chakula cha nyumbani.

Hedi ikiwa chini, angalia juu ya pistoni. Masizi makavu yaliyosambaa sawasawa ni ya kawaida. Ukiona ukingo wa pistoni umeoshwa, unang'aa bila masizi, oili inapanda kutoka chini, na hapo ringi zinahusika. Pitisha ukucha kwenye kuta za silinda. Mkwaruzo unaoukamata ukucha hautibiki kwa ringi mpya.

Kama ni ringi, dai silinda ipimwe kabla ya kununua kitu. Silinda ya pikipiki iliyotembea sana huwa imelika zaidi juu kuliko chini, na imepoteza uduara. Ukiweka ringi mpya ndani yake, hazitakaa kwa kubana pande zote, na moshi utarudi. Bloku ichongwe, pistoni ya ukubwa unaofuata inunuliwe (zinakuja milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 juu ya saizi ya kawaida), na fundi wa mashine ya kuchonga apewe pistoni yenyewe aipime mkononi, asichonge kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Ringi zinawekwa maandishi yakitazama juu, na mapengo yake, pale ncha mbili za ringi zinapokutana, yasikae mstari mmoja.

Pikipiki za kuchanganya oili

AG100, DT125, Suzuki TF125: nyingi bado ziko mikononi mwa mabwana shamba, wahudumu wa afya na watu waliozinunua kwenye minada. Hizi zinachoma oili kwa maumbile yake, kwa hiyo moshi wa bluu asubuhi ni haki yake. Unachotafuta ni moshi uliozidi kuliko zamani.

Kosa ninalolikuta mara nyingi: pikipiki ina tangi lake la oili na pampu yake, na mwenyewe bado anachanganya oili kwenye petroli. Dozi inakuwa mbili. Kama pampu inafanya kazi, tangi la petroli liwekewe petroli tupu. Kama pampu imeondolewa, changanya kwa kipimo cha kitabu na kwa kupima, usikadirie kwa macho. Tumia oili ya 2T. Ile ya injini za kawaida haiungui vizuri, inaziba eksozi.

Pikipiki iliyosimama miezi mingi itatoa wingu kubwa siku ya kwanza, kwa kuwa oili imeteremka ikajikusanya chini ya kranki. Iache ichome, endesha kilomita kadhaa, halafu ndipo uhukumu. Ila moshi mzito usioisha, pamoja na oili ya giaboksi inayopungua bila kuvuja nje, maana yake ni sili ya kranki ya upande wa klachi: injini inainywa oili ya gia. Hiyo haina njia ya mkato, sili ibadilishwe.

Makosa yanayorudiwa

Kuongeza oili nzito kupita kiasi ili "kuzima" moshi. Unapungua kweli kwa siku chache, lakini alfajiri ya baridi oili hiyo inachelewa kufika kwenye kamu na roka (vyuma vinavyofungua valvu), na unakula vyuma vya juu kwa kuokoa sili ya bei ndogo.

Kutumia oili iliyokwisha tumika, iliyochujwa kwa kitambaa. Uchafu unaoila injini ni ule usioonekana kwa macho, kitambaa hakiuzuii.

Kupasha injini dakika kumi ikiwa imesimama. Dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu, bila kuvuta sana, kilomita mbili au tatu za mwanzo.

Kuacha kuongeza oili kwa sababu "inaiunguza tu". Injini ndogo yenye lita moja, ikipoteza robo lita tu, imepoteza sehemu kubwa ya kinga yake. Pikipiki inayotoa moshi ikaguliwe oili kila asubuhi.

Ukikwama

*Nimebadilisha sili, bado inatoa moshi.* Eksozi yako imelowa oili ya miezi mingi, na hiyo nayo lazima iungue. Endesha siku mbili tatu kwa safari ndefu ndefu kabla ya kumrudia fundi. Moshi huu unapungua kila siku; ambao haupungui ndio wa kurudishwa gereji.

*Ulianza mara tu baada ya kubadilisha oili.* Pima kiwango, pikipiki ikiwa wima. Karibu kila mara umezidi.

*Mweupe, hauishi, jana iliogeshwa.* Maji yameingia kwenye eksozi. Endesha nusu saa. Mara nyingine ziba mdomo wa eksozi kabla ya kuosha, na uuzibue kabla ya kuwasha.

*Kijivu, unanuka mafuta ya taa, na inawaka kwa shida.* Petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubana mchezo huo, lakini ya kwenye chupa kando ya barabara hujui yamepita mikono mingapi. Mwaga bakuli la kabureta, jaza kwenye kituo, jaribu tena kesho asubuhi.

*Kiki imegoma kabisa asubuhi, haishuki.* Usiirukie kwa uzito wako wote. Silinda inaweza kuwa imejaa petroli usiku, na kimiminika hakibanwi. Utapinda koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Funga koki, toa plagi, sogea mbali na moto wowote, piga kiki taratibu petroli itoke. Halafu rudi hatua ya pili, mwaga oili.

*Oili inapungua, moshi siuoni.* Tazama chini ya injini ilipolala, nati ya kumwagia oili, gasketi ya bloku, na sili ya sproketi ya mbele, ambapo oili inafichwa na vumbi na grisi ya cheni. Osha eneo hilo, endesha siku moja, tazama panapolowa.

*Moshi pamoja na mlio wa kugonga ndani.* Zima hapo hapo, isukume au ibebwe. Kilomita chache za kujikongoja mpaka gereji zinaweza kugeuza kazi ya bloku kuwa kazi ya kranki.